Ambulensi Iko Njiani

Nasikia watu wakisema kwamba Celestine Naliaka alifutwa kazi kwa sababu ya mdomo. Yanasemwa kwa vinyozi, yanasemwa sokoni, na juzi kuna mteja aliyeyasema ndani ya duka langu nikiwa nampima kiuno. Nilimkunjia kitambaa chake nikamrudishia, akatafute fundi mwingine. Mimi ni Wariara. Nashona jezi za timu za hapa Nakuru na za huko Njoro, Gilgil hadi Naivasha, na kabla ya cherehani nilicheza mpira pamoja na huyo Naliaka anayesemwa. Siku ya fainali ya Gilgil nilikuwa pale uwanjani, sikusimuliwa. Basi nisikilizeni.

Naliaka alizaliwa katika nyumba za reli. Babu yake aliletwa Nakuru kutoka Bungoma na kazi ya reli, na babake akawa fundi wa mabehewa papo hapo. Reli ilipopunguza watu, kazi iliondoka na nyumba, familia ikahamia Kaptembwo, ploti moja na sisi. Uwanja wetu ulikuwa vumbi tupu, vumbi jeupe kama unga, na likiinuka humwoni mwenzako. Unajua aliko kwa kumsikia. Ndiyo maana Naliaka alijifunza kusema. Alikuwa beki wa kati na hakunyamaza tangu mpira uanze hadi uishe: "Wariara, nyuma yako! Toka! Rudi! Kushoto, kushoto!" Wavulana walimwita Redio. Mamake hakuona la kujivunia hapo. "Huo mpira utakuoa?" alimwuliza kila jioni. Naliaka alichota maji, akaosha vyombo, kisha akatoka na viatu vyake kwapani.

Mimi mpira wangu uliishia hapa hapa. Yeye alionekana katika mashindano fulani ya Nairobi, akachukuliwa na klabu moja ya Dar es Salaam. Klabu ya kulipwa, jamani, yenye daktari wa timu na uwanja wa nyasi. Aliichezea misimu kadhaa mpaka akapewa unahodha. Akija likizo, Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Alimwambia mama wa kibanda pale Kaptembwo, "Shikamoo mama, naomba chai," na vijana wote wakaangua kicheko, kwa sababu sisi huku husema nipe chai na mambo yakaisha. Hakukiacha. Alisema Kiswahili ni kama mpira, ukiweza kuupiga vizuri huna sababu ya kuupiga vibaya.

Goti ndilo lililomrudisha. Lilisokoteka mara ya kwanza akatibiwa, likasokoteka mara ya pili, na daktari akamwambia wazi kwamba akicheza tena atazeeka na mkongojo. Alirudi Nakuru akachechemea mwaka mzima bila kutaka kusikia habari za mpira. Kisha Redio Mteremko, stesheni ndogo inayosikika kutoka Molo hadi Mai Mahiu, ikatangaza kwamba inatafuta mtangazaji wa michezo. Mimi ndiye niliyemsukuma aende. Walimwekea video ya mechi isiyo na sauti wakamwambia aitangaze. Aliitangaza mpaka wahasibu wakatoka ofisini mwao kuja kusikiliza, na meneja, Bwana Kahiga, akapiga makofi.

Halafu akampa kazi gani? Kazi ya mapumziko. Wanaume wanatangaza kipindi cha kwanza, refa akipuliza kipenga, Naliaka anaitwa kusoma tangazo la mafuta ya nywele na kuwasalimia "kina dada mlioko jikoni". Mtangazaji mkuu alikuwa Oduor. Simnyimi haki yake, sauti anayo, na madereva wa malori wanampenda. Lakini Oduor hajawahi kucheza mpira popote, na alikuwa akimwita mtu aliyevaa kitambaa cha unahodha Dar es Salaam "dada yetu wa mapumziko".

Naliaka alimwendea Kahiga. Alinisimulia jioni hiyo hiyo, amekaa juu ya meza yangu ya kukatia nguo.

"Nilimwambia, Bwana Kahiga, huu mpira nimeucheza kwa mshahara. Niache nitangaze."

"Akasemaje?"

"Akasema, Celestine, wasikilizaji hawajazoea. Mwanamume akiwa kwa lori pale Mai Mahiu anataka kusikia mwanamume mwenzake."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwuliza, umemwuliza huyo mwanamume? Akasema hana haja ya kumwuliza."

Alikaa katika hayo mapumziko karibu miaka miwili. Mwenye subira hula mbivu, wanasema, lakini mimi nimeona wengi waliosubiri mbivu zikaliwa na ndege.

Mwishowe maikrofoni alipewa, ila kama makombo. Mheshimiwa mmoja wa upande huu, simtaji kwa kuwa nina watoto wa kulea, aliandaa kombe la timu za wasichana lenye jina lake na picha yake. Akanunua hewa ya Redio Mteremko ili fainali ipeperushwe moja kwa moja. Oduor akakataa kwenda. "Hiyo ya wasichana mpeni Naliaka," alisema, kama mtu anayepitisha sahani ya wali uliopoa. Naliaka hakujali imepita mkono gani. Wiki nzima alizunguka mazoezini akijifunza majina ya wachezaji na jinsi kila mmoja anavyopenda kuitwa.

Fainali ilikuwa Gilgil, Kaptembwo dhidi ya Njoro. Nilifika mapema na mifuko ya jezi. Golikipa wa Njoro alikuwa msichana mrefu anayeitwa Chelimo, ametoka shule juzi tu, na jezi ilimbana mabegani. Nilifumua mshono nikauachia pale pale kando ya uwanja, yeye amesimama ananicheka. "Mathe, hata ikipasuka nitadaka tu," aliniambia.

Sasa kuna jambo ambalo kila anayejua mpira analijua: bila ambulensi, mechi haianzi. Refa alitazama huku na huku, akamwendea katibu wa kamati ya mpira ya eneo hili. Katibu, simu sikioni, akasema, "Iko njiani." Refa akangoja. Watu wakangoja. Mheshimiwa alikuwa ameketi hemani, zulia jekundu miguuni, na nyuma ya hema yamepangwa magari yake makubwa manne, injini zinanguruma ili madereva wapate ubaridi. Akamtuma msaidizi wake aseme kwamba ana shughuli nyingine Naivasha. Katibu akarudi kwa refa mbio. "Anza, boss. Ambulensi iko njiani." Na refa, ambaye kazi yake inategemea kamati hiyo hiyo, akaanza.

Mpira ulikuwa mtamu, nisiseme uongo. Naliaka alikuwa kwenye meza ndogo karibu na mstari, na watu waliokuwa wanatazama mechi kwa macho yao waliwasha redio za simu ili wamsikie akiwaeleza wanachokiona. "Abby wa Kaptembwo anautuliza mpira, anaubembeleza, anainua kichwa, anamwona mwenzake yuko peke yake kama mgeni asiyekaribishwa..." Mzee mmoja kando yangu alitikisa kichwa akasema, "Huyu mama anauona mpira kabla haujafika."

Kipindi cha pili, Kaptembwo wakapata kona. Mpira ukaja juu, Chelimo akaruka kuupangua, mshambuliaji naye akaruka, na Chelimo akasukumwa kichwa kikagonga mlingoti wa goli. Ulikuwa wa bomba la chuma. Nilisikia mlio wake nikiwa mbali. Alianguka kama nguo inayoteleza kwenye kamba, na hakuinuka.

Redio yangu ilikuwa wazi. Sauti ya Naliaka haikupanda. Ilishuka.

"Chelimo yuko chini. Hajisogezi. Refa anapunga mkono kuita msaada. Anapunga tena. Wasikilizaji, hakuna anayekuja, kwa sababu hapa uwanjani hakuna ambulensi. Narudia, hakuna ambulensi. Tuliambiwa iko njiani. Mechi imeanzishwa bila ambulensi ili mgeni wa heshima asichelewe."

Mimi nilikimbilia yale magari manne. Niligonga kioo cha la kwanza. Dereva akakishusha kidogo, upana wa vidole.

"Boss, tafadhali, kuna mtoto anakufa pale golini. Mbebe mpaka hospitali."

"Mathe, gari si yangu. Siwezi toka bila ruhusa."

"Mwombe basi mwenyewe ruhusa, si huyo hapo!"

"Siwezi mwendea tu hivyo."

Nikagonga la pili, nikagonga la tatu. Yule wa nne alipandisha kioo akiniona nakuja. Nikaenda hemani mwenyewe, na msaidizi akanizuia kwa kifua chake. "Tulia, mama. Unaharibu sherehe." Mheshimiwa alikuwa anatazama simu yake. Nitakufa nikikumbuka kidole chake kikipanda na kushuka juu ya kile kioo.

Naliaka naye alikuwa anapigana vita vyake. Kahiga alikuwa anamfokea kutoka studio, masikioni mwake, "Enda tangazo! Celestine, enda tangazo sasa hivi!" Yeye alivua vile vya masikioni akaviweka mezani, akabaki na maikrofoni peke yake.

"Kama uko Gilgil, kama uko Kikopey, na una gari linalotembea, njoo uwanjani. Usimngoje mwingine. Kuna magari manne hapa yamewashwa injini na hayatikisiki. Njoo wewe."

Pale Kikopey, kwenye vile vibanda vya nyama choma vya barabarani, kulikuwa na mchinjaji anayeitwa Njuguna, anakatia wateja mbavu huku akisikiliza. Aliacha kisu kwenye gogo, akawaacha wateja midomo wazi, akaingia kwenye pikapu yake, ile yenye sanduku la bati la kubebea nyama. Tulimwona akiingia uwanjani, amepita katikati ya watu, koti lake jeupe lina damu ya mbuzi.

Hatukuwa na machela. Nilitazama nikaona meza ambayo kombe lilikuwa limewekwa. Nikalitoa kombe nikaliweka chini, na wasichana wa timu zote mbili wakaibeba ile meza. Msaidizi akapiga kelele, "Kombe! Mnaliweka kombe kwa mchanga?" Tulimlaza Chelimo mezani, mchezaji mmoja ameshika kichwa chake kisiyumbe, tukamtia ndani ya lile sanduku. Mtoto wa mtu, golikipa wa fainali, alipelekwa hospitali ya Nakuru mahali panaponing'inizwa nyama, na magari manne ya kifahari yakabaki kivulini yakinguruma.

Wasichana walikataa kuendelea. Wa Njoro walikuwa wanalia, na Abby akavua kitambaa cha unahodha akasema Kaptembwo hawatacheza wala kupokea kitu. Mnadhani sherehe iliahirishwa? Mheshimiwa alimkabidhi katibu wa kamati lile kombe, wakapigwa picha wamelishika wawili, wanatabasamu. Kisha magari yakaondoka kwenda Naivasha. Kumbe kutembea yalikuwa yanaweza.

Chelimo alipasuliwa jioni ile. Damu ilikuwa imevuja ikaubana ubongo, na daktari alimwambia mamake kwamba wangechelewa kidogo tu wangeleta maiti. Aliishi. Lakini sikio la kulia halisikii, jua likiwa kali kichwa kinamuuma mpaka alale gizani, na golini hatarudi tena.

Jumatatu Naliaka aliitwa ofisini. Katibu wa kamati alikuwa ameshakaa, anakunywa chai ya stesheni.

"Umechochea watu," Kahiga alimwambia. "Umemwaibisha mgeni wetu. Leo saa kumi utaingia hewani, utasema ulitangaza habari bila kuthibitisha, na utaomba msamaha."

"Sikuthibitisha nini? Kwamba ambulensi haikuwepo?"

"Ilikuwa njiani," katibu akasema.

"Imefika?"

Katibu akakoroga chai.

"Celestine," Kahiga akasema kwa upole, ule upole wa mtu anayejua ana nguvu, "hii ni biashara. Ile hewa mheshimiwa alilipia."

"Ile hewa alilipia. Na ile Chelimo alikuwa anaitafuta pale chini, nani angemlipia?"

Hakuomba msamaha. Kabla saa kumi haijafika alikuwa nje ya lango la stesheni na mkoba wake, amefutwa kwa sababu ya utovu wa nidhamu. Alikuja dukani kwangu akakaa. Hakulia. Aliokota sindano zilizoanguka sakafuni akanichomekea kwenye mto wa sindano, moja moja, mpaka zikaisha.

Sasa ngojeni, maana hili la pili ndilo linalonichoma zaidi.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na mechi ya wanaume hapa mjini, na Oduor ndiye mtangazaji. Nilikuwa nimewasha redio ili nimchukie vizuri. Akaanza na mbwembwe zake za kawaida, akasalimia madereva, kisha akasita. "Kabla sijawatajia vikosi," akasema, "niseme ninachokiona. Natazama kushoto. Natazama kulia. Ambulensi siioni. Na mimi sitangazi mpira usio na ambulensi." Kahiga akatupia tangazo. Lilipoisha, Oduor alikuwa bado palepale: "Tumerudi, na ambulensi bado siioni." Mashabiki wenye redio wakaanza kuimba, "Ambulensi! Ambulensi!" Mechi ikangoja mpaka ikaletwa.

Na Oduor alifanywa nini? Alipongezwa! Watu walimwandikia jumbe wakamwita jasiri, mtetezi wa wachezaji. Kahiga alitaka kumfukuza akakuta wenye matangazo ya biashara wanamtaka kuliko jana. Maneno yale yale. Ambulensi ile ile isiyokuwepo. Kinywani mwa mwanamume yakawa ujasiri. Kinywani mwa mwanamke aliyeyasema kwanza, tena mtoto akiwa chini anakoroma, yalikuwa mdomo.

Oduor alikuja Kaptembwo kumwona, amebeba mkate na maziwa kama anayekwenda kumwona mgonjwa. Nilikuwepo. Alisimama mlangoni akasema, "Dada, nimekuja kukuambia nilikuwa nyuma yako."

"Nyuma yangu wapi?" Naliaka akamwuliza. "Jumatatu nikiitwa ofisini ulikuwa chumba cha pili. Nilikiona kivuli chako kwenye kioo."

Oduor akatazama viatu vyake. "Niliogopa. Nina familia."

"Hata Chelimo ana familia. Keti, Bwana Oduor. Chai ipo."

Alimpa chai. Hakumpa hongera, na Oduor hakuiomba. Alipoondoka nilimwambia Naliaka alikuwa amemfanyia upole sana. Alinijibu kwamba mtu akishasema ukweli, hata akichelewa, usimfukuze, maana atarudi kwa waongo. Mimi sijafika huko bado. Mimi bado nina hasira.

Alikaa bila kazi msimu mzima. Alitangaza mechi za mtaa pale Kaptembwo kwa spika za kanisa, na nusu ya watu walikuja kwa ajili ya sauti yake. Halafu stesheni nyingine, washindani wa Mteremko, wakamchukua. Hawakumpa mapumziko. Walimpa mechi za ligi ya wanaume, dakika zote tisini.

Mechi yake ya kwanza nilikwenda. Safari hii ambulensi ilikuwepo, nyeupe, imeegeshwa karibu na lango, na katibu, ndiyo, yule yule, kwani nani humfuta katibu, alimwonyesha Naliaka kwa kidole toka mbali. "Ile pale, madam. Umefurahi?"

Naliaka alichukua maikrofoni isiyo na waya, akashuka kwa lile goti lake bovu, akavuka uwanja akichechemea huku tayari yuko hewani. "Wasikilizaji, naikaribia ambulensi. Ni safi, imeoshwa. Dereva yupo. Dereva, habari ya kazi? Naomba utufungulie nyuma."

"Ya nini, mathe?"

"Tuone machela."

Dereva alimtazama katibu. Mashabiki walikuwa wameanza kusogea. Mwishowe akafungua, na mimi nilikuwa karibu nikaona kwa macho yangu haya. Viazi. Magunia ya viazi kutoka Molo, yamepangwa mpaka darini.

"Viazi, wasikilizaji," Naliaka akasema. "Machela hakuna. Oksijeni hakuna. Kuna viazi."

Mtu mmoja jukwaani akapaza sauti, "Wewe mwanamke, unatuchelewesha! Mpira uanze!" Naliaka akamgeukia na maikrofoni. "Shuka basi, kaka yangu, utusaidie kuteremsha. Tutamaliza haraka." Watu wakacheka, na yule mtu, sijui ni aibu au nini, akashuka kweli. Wakashuka na wengine. Katibu alikuwa kwenye simu, jasho linamtoka, na machela ikapatikana, na mtungi wa oksijeni ukapatikana, na muuguzi akaja na pikipiki. Kumbe vilikuwepo mjini muda wote.

Mechi ilianza ikiwa imechelewa sana. Magunia yalipangwa kando ya mstari, na dereva alikaa juu ya moja hadi kipenga cha mwisho, amekunja uso, kana kwamba yeye ndiye aliyekosewa.